Picha ya mnara haionyeshi mfuko



Katika chama chetu ni wachache wasio na mtu Bulaya. Mmoja ana mtoto Ubelgiji, mwingine ana shemeji Kanada, mwingine ana mdogo Ufaransa, kama mimi. Na karibu sisi wote tunajua maisha yao kwa njia ya picha. Picha inaingia kwa telefone asubuhi, inatoka Kikula inafika Panda, na kabla ya bukari ya jioni jamaa nzima imekwisha kuiona: mdogo wako amesimama mbele ya mnara wa Eiffel, koti refu, kiatu kizuri, mtoto ameshika baluni. Kesho yake maombi yanaanza. Huyu anataka mabati, yule anataka minerval ya sekondari, mwingine anasema tu: "Mwambie asitusahau."

Leo ninataka tuzungumze juu ya picha hiyo. Mdogo wangu ana miaka saba Ufaransa. Amenipa ruhusa niwaeleze siku zake, mradi nisiandike jina lake. Aliniambia: "Yaya, waeleze wewe. Mimi nikieleza, wanafikiri ninatafuta njia ya kukataa kutoa."

Siku ya kazi

Anaishi Saint-Denis, mji ulioshikana na Paris upande wa kaskazini. Hapa Likasi alisoma kazi ya infirmière na akapata diploma. Huko diploma hiyo haimruhusu kuchoma hata sindano moja. Diploma ya infirmière iliyotoka nje ya Umoja wa Ulaya haitoshi yenyewe. Anayetaka kufanya kazi ile lazima arudi shuleni huko huko. Kurudi shuleni ni miaka, na miaka hiyo watoto wanataka kula. Basi anafanya kazi ya kutunza wazee nyumbani mwao: kuwaosha, kuwavika, kuwapikia, kuwatandikia kitanda.

Anaamka saa 4h30. Anamwamsha mzee wa kwanza, anapanda basi kwenda kwa wa pili, kisha kwa wa tatu. Mchana kuna shimo la saa tatu ambalo halilipwi. Jioni anarudi kuwalaza wale wale aliowaamsha. Mmoja wao ni bibi wa miaka 91. Ana watoto watatu, wote wazima, wote wana kazi nzuri, na wote wanakaa mbali. Siku nyingi sauti ya kwanza anayosikia bibi huyo ni ya mdogo wangu, na ya mwisho pia. "Ananishika mkono," mdogo wangu anasema, "ananiambia kaa kidogo. Na mimi nimepewa nusu saa tu, nyumba nyingine inaningojea."

Wakati huu sisi tuko katika mvua na maembe. Huko ni baridi kali. Mwezi wa 12, jua la Paris linatoka karibu saa 8h40 na linazama kabla ya saa 17h00. Anatoka nyumbani gizani, anarudi gizani. Sisi tunajua baridi ya asubuhi ya mwezi wa 6 hapa kwetu, ile ya kukaa karibu na mbabula mikono imenyooshwa. Baridi hiyo yetu inaondoka jua likipanda. Ya kwao inakaa miezi.

Bwana yake anafanya kazi ya usiku katika depo ya mizigo. Yeye akiingia, mke anatoka. Kuna siku wanazungumza kwa karatasi iliyobandikwa kwenye friji: mtoto amekohoa, nunua maziwa, mwenye nyumba amepiga simu.

Watoto

Ana watoto wawili, msichana wa miaka minne na mvulana wa miezi kumi. Nitasema mazuri kwanza, maana yapo, na si vizuri kuyaficha.

Ufaransa ina vituo vinavyoitwa PMI. Vilianzishwa mwaka 1945, vita ilipokwisha. Humo mama mwenye mimba na mtoto wa chini ya miaka 6 wanapimwa bila kulipa. Infirmière wa watoto anaweza kuja hata nyumbani kuangalia mtoto mchanga anaendelea namna gani. Kwa mtoto wa kwanza na wa pili, mama mfanyakazi anapata majuma 16 ya likizo ya uzazi. Sheria ya kazi ya nchi yetu inatoa 14. Na tangu mwaka 2019, kila mtoto lazima aanze shule akiwa na miaka 3, na shule ya serikali haina minerval. Mwaka huo ninaukumbuka vizuri, kwa sababu mwezi wa 9 wa 2019 ndipo bure ya shule ya msingi ilipoanza kwetu pia, na kalasi yangu ikajaa hadi watoto wanne wakakaa kwenye benchi moja.

Watu wa hapa wanapenda kusema kwamba Bulaya mtu akizaa analipwa. Ni kweli, lakini si kama inavyosemwa. Malipo yale yanayoitwa allocations familiales hayatolewi kwa mtoto wa kwanza; yanaanza kwa mtoto wa pili. Na hapo mtoto wa pili anahitaji mtu wa kumshika mama akiwa kazini, na mtu huyo ni mlezi mwenye kibali, anayelipwa kwa saa. Pesa inaingia kwa mlango huu, inatoka kwa mlango ule.

Sasa sikieni kisichokuwepo. Alipozaa mtoto wa pili, mdogo wangu alitoka hospitali siku ya tatu, akapanda hadi ghorofa ya saba, akafungua mlango, na ndani hapakuwa na mtu. Hakuna nkambo wa kumkanda kwa maji ya moto. Hakuna mama mkubwa wa kumpikia uji na kumwambia lala, mtoto niachie. Hakuna jirani anayeingia bila kubisha na sahani ya sombe mkononi. Jirani wa huko ni watu wema, wanasema bonjour kwenye ngazi, kisha wanafunga mlango wao. Kwao kuingia nyumbani kwa mtu bila kualikwa ni kukosa adabu.

Aliosha mtoto mwenyewe, akajiosha mwenyewe, akalia mwenyewe. Infirmière wa PMI alipokuja alimwangalia mama zaidi kuliko mtoto. Alimwambia: "Mtoto yuko sawa. Wewe lazima utoke nje kila siku, hata nusu saa, hata kukiwa na baridi." Tangu siku hiyo mdogo wangu anatoka. Ndipo picha zilipoanza kuwa nyingi. Wamama, matembezi mnayoyaona kwa telefone ni dawa aliyoandikiwa, na anaimeza.

Matembezi yasiyolipwa

Ameyatafuta matembezi yale yasiyolipwa, na ameyapata. Nitawaeleza matatu, maana yanapendeza.

La kwanza ni bustani kubwa ya Paris inayoitwa Buttes-Chaumont. Mdogo wangu alinipigia simu akiwa humo, anacheka. "Yaya, unajua hapa palikuwa nini? Palikuwa karieri!" Ni kweli. Walikuwa wanachimba humo mawe ya plasta, na machimbo yalipokwisha pakabaki mashimo na takataka. Serikali ya wakati ule ikaleta udongo, ikapanda miti, ikachimba ziwa, na mwaka 1867 bustani ikafunguliwa. Leo ni karibu hekta 25 za majani na maji, watoto wanaviringika kwenye miteremko, na mlangoni hakuna anayekuuliza kitu. Sisi watu wa Likasi tunaokaa karibu na mashimo ya shaba, tunaowakataza watoto wasiende kuogelea katika maji yake, tunaweza kukaa na neno hilo kidogo. Shimo la mgodi linaweza kugeuka mahali pa mama kumpeleka mtoto wake.

La pili ni jumba la picha la Orsay. Zamani lilikuwa gare ya treni, lilijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1900. Baadaye treni zikawa ndefu kuliko gare, ikaachwa, na mwaka 1986 ikafunguliwa tena kama jumba la picha za kuchora. Siku ya Mungu ya kwanza ya kila mwezi mtu mzima haingii kwa pesa, na watoto hawalipi siku yoyote. Mdogo wangu hajasomea picha. Anaenda kwa sababu ndani kuna joto, kuna viti, na msichana wake anapenda ile saa kubwa ya gare inayoonekana toka mbali.

La tatu ni mnara wenyewe. Ulimalizika mwaka 1889, na sasa una urefu wa metre 330. Kuupanda ni kwa pesa, na mdogo wangu kwa miaka saba hajaupanda hata mara moja. Kuutazama ni bure. Usiku, kila saa inapofika, taa zake zinametameta kwa dakika tano, na watu wote walio chini wanapiga kelele kama watoto, wenye hoteli ghali na wasio na kitu. Koti lile refu mnaloliona kwenye picha amelinunua kwa nguo za mitumba, na baluni walipewa bure na duka lililokuwa linafunguliwa siku hiyo. Kilicholipwa katika picha ile yote ni tiketi ya treni. Msichana alipokuwa chini ya miaka minne alipanda bure. Sasa amefika minne, naye analipa.

Na treni yenyewe ni kazi. Stesheni nyingi za metro ya zamani ni ngazi tupu, na gari la mtoto mchanga halipiti bila kubebwa. Mdogo wangu ameliacha nyumbani. Anamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, kama tunavyofunga hapa, na anapita. Mwanzo aliona haya kwa sababu ya macho ya watu. Sasa hata mama mmoja mzungu alimwomba amwonyeshe namna ya kufunga.

Soko

Siku ya posho moja kwa mwezi anaenda Château Rouge, Paris ya kaskazini, kwenye soko la barabara ya Dejean. Toka Gare du Nord ni vituo viwili tu vya metro. Ukitoka ardhini, anasema, pua inakuambia umefika: samaki wa kukausha, pilipili, ndizi za kukaanga. Kuna sombe iliyotwangwa na kugandishwa, kuna unga wa muhogo, kuna kwanga. Wauzaji ni watu wa Senegali, wa Kameruni, wa Kinshasa. Yeye mtoto wa Katanga amelazimika kujifunza Lingala vizuri akiwa Ufaransa, ili apunguziwe bei ya samaki. Chikanda hajaiona. Munkoyo pia.

Nilimwuliza kwa nini haendi kila posho. Alinijibu kwamba kapu moja la soko lile, la kula siku mbili, linataka kazi ya siku nzima. Siku nyingine wanakula makaroni.

Simu iliyonyamaza

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka huu mjomba wetu alifariki. Jamaa ilikaa, ikagawa mchango wa matanga, na mtu wa Bulaya akaandikiwa dola 500, bila kuulizwa. Alituma 150. Hapa maneno yakawa mengi. Mmoja alisema picha za kuzunguka Paris anapata pesa yake, lakini maiti ya mjomba hana. Mwingine alimtumia maneno hayo kwa sauti, neno kwa neno.

Kwa majuma matatu telefone yake haikujibu. Mama yetu mzazi hakulala. Alipojibu mwishoni, alizungumza polepole sana. "Yaya, nikiona namba ya Likasi ikiita, moyo unapiga kama nimeiba. Zile 150 zilikuwa za umeme. Sikutuma zaidi kwa sababu hazikuwepo. Ninyi mnaniuliza nina nini. Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza nimelala namna gani."

Sikuwa na la kumjibu haraka. Lakini ninayo ya kuwaambia ninyi, kwa sababu wengi wetu tuna mtu kama huyo, na tunaweza kumpoteza kabla hajafa.

Wengine watasema: basi mtu wa Bulaya asisaidie jamaa? Hapana, sisemi hivyo. Mdogo wangu anatuma dawa za mama kila mwezi na hajawahi kuchelewa. Anayekwenda mbali ana deni kwa waliomlea, hilo tunalijua. Ninachosema ni kwamba katika likelemba yetu hakuna mtu anayeandikiwa kiasi bila kuulizwa. Tunakaa, tunasema kila mmoja ana uwezo gani, ndipo tunaandika. Kwa nini kwa mtoto wetu aliye mbali tunaandika kwanza?

Tufanye nini

Nimezungumza na mama yangu na mashemeji, na sisi tumeanza mambo manne. Mnaweza kuyajaribu.

Moja, tunapiga simu kwa saa yake. Wakati huu wa baridi sisi tuko mbele kwa saa moja: kwetu ikiwa 20h00, kwake ni 19h00. Toka siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa 3 hadi ile ya mwisho ya mwezi wa 10, saa zetu ni sawasawa. Tunampigia siku ya Mungu mchana, si alfajiri akiwa anakimbilia treni.

Mbili, simu mbili kati ya tatu hazina ombi. Tunamweleza mvua imenyesha, mwembe wa uani umezaa, nani ameolewa, nani amegombana na nani. Mama yangu alidhani mambo hayo ni madogo mno kwa simu ya Ufaransa. Mdogo wangu alicheka hadi akalia aliposikia jogoo wa jirani.

Tatu, kukiwa na mchango, tunamwuliza kwanza: "Una uwezo gani mwezi huu?" Jibu lake ndilo tunaloandika, na hakuna anayelipitisha kwa wengine pamoja na maneno yake.

Nne, na hili linanigusa mimi kama mwalimu. Yule msichana wa miaka minne sasa anamjibu mama yake kwa Kifaransa. Anaelewa Kiswahili, lakini mdomo wake umeanza kukikataa. Paris kuna shule kubwa ya lugha, Inalco, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1795, na humo Wafaransa watu wazima wanakaa darasani kujifunza Kiswahili. Na mtoto wetu mwenyewe anakipoteza sebuleni! Jirani yao wa ghorofa ya tano ni mama wa Komoro. Lugha yake na yetu ni ndugu. Akisema polepole wanaelewana, na yeye watoto wake wote wanaisema, kwa sababu nkambo wao anawapigia simu kila jioni.

Basi sasa mama yangu anamrekodia mjukuu hadithi fupi kwa telefone, za sungura na za fisi, zile zile alizotupa sisi karibu na moto. Dakika tatu, nne, hazizidi. Anazituma siku ya tatu, siku ambayo watoto wa shule yao wanabaki nyumbani. Posho iliyopita msichana alirudisha sauti yake. Alisema: "Nkambo, fisi alikula nini tena?" Alikosea maneno mawili. Mama yangu amezunguka na telefone hiyo mtaa mzima, na safari hii hakuna aliyemwomba mabati.

Mama mwenye mtu wake mbali, leo jioni kabla ya kulala mwandikie mstari mmoja: "Umelala namna gani?" Usiongeze kitu kingine chini yake. Mwachie mwenyewe nafasi ya kujibu.

Posho ijayo tutarudi hapa kwetu: namna ya kumsaidia mtoto wa kalasi ya sita anayejitayarisha kwa mtihani wa mwisho, hata kama mama mwenyewe hakufika kalasi hiyo. Leteni maswali yenu kwenye mkutano, au mmpe mama mkuu wa kikundi chenu.

Mbaki na amani nyumbani mwenu.